Jinzi juu na chini, Kilosa hadi Mikumi

Swali: Shati la jinzi na suruali ya jinzi huvaliwaje pamoja kila siku bila kuonekana kama ovaroli?

Jibu: Msingi ni tofauti ya rangi. Shati la buluu iliyopauka huvaliwa na suruali ya buluu iliyokolea, au kinyume chake. Rangi mbili zinazokaribiana bila kulingana huonekana kama makosa. Shati liwe jepesi kuliko suruali, kwa kuwa joto la Kilosa halivumiliki ndani ya vitambaa viwili vizito. Fulana nyeupe ndani, vifungo vikiachwa wazi, pamoja na mkanda wa ngozi ya kahawia, huikata buluu vizuri. Kwa mwanamke, kilemba cha kitenge hufanya kazi hiyo kwa uzuri zaidi. Jinzi ya mtumba hufaa sana: imekwisha kulainika, na mara nyingi haichuji tena. Mpya ifuliwe peke yake, igeuzwe ndani nje, ianikwe kivulini.

Mikumi kuna jambo zito kuliko urembo. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Huuma hata kupitia nguo, na wanaweza kueneza malale. Mtaani na sokoni jinzi ivaliwe bila wasiwasi. Anayeingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, avae kaki au kijani kilichofifia, na jinzi aiache nyumbani siku hiyo.