Kompyuta Pepe Inapokataa Kuwaka: Kagua Kabla ya Kukubali Ifutwe

Mwenye duka anayetegemea programu ya mauzo iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows 7 mara nyingi huwekewa na fundi kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na umbo inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi na kuhifadhi kila kitu chake katika mafaili machache. Siku ikikataa kuwaka, huambiwa kwamba haina dawa, ifutwe na kuwekwa upya. Kumbukumbu za mauzo huondoka nayo, na gharama hulipwa mara ya pili. Katika mada hii tunaeleza ukaguzi ambao mtumiaji asiye fundi anaweza kuufanya mwenyewe kwanza. Tumechukua mfano wa VirtualBox, programu ya kampuni ya Oracle.

Kabla ya jaribio lolote, funga VirtualBox na unakili folda nzima ya kompyuta hiyo, ambayo kwa kawaida imo ndani ya folda iitwayo VirtualBox VMs, uiweke kwenye diski ya nje. Fundi anayeanza kazi bila kufanya hivyo asimamishwe.

Kisha fungua dirisha la amri. Kwenye Windows andika:

cd "C:\Program Files\Oracle\VirtualBox"
VBoxManage list vms

Amri ya pili huorodhesha kompyuta pepe zote zinazotambuliwa. Tuseme yako inaitwa Duka. Ikiwa mahali pa jina pameandikwa <inaccessible>, faili la mipangilio halisomeki. Hiyo haina maana kwamba diski imeharibika. Ndani ya folda uliyonakili utaona faili lenye kikomo .vbox na jingine lenye .vbox-prev, ambalo ni nakala ya mipangilio iliyotangulia. Katika folda ya asili, lipe lile bovu jina jingine, nakili la .vbox-prev kwa jina la .vbox, kisha ufungue VirtualBox upya. Ikiwa Duka haimo kabisa katika orodha, amri ya VBoxManage registervm ikifuatiwa na mahali lilipo faili la .vbox huirejesha.

Huenda jina lipo lakini mashine haiwaki, hasa baada ya VirtualBox kuwekewa toleo jipya huku Duka ikiwa imelazwa badala ya kuzimwa. Andika VBoxManage showvminfo "Duka" na utazame mstari wa State. Ukisomeka saved, amri hii huondoa hali iliyolazwa:

VBoxManage discardstate "Duka"

Ni sawa na kuchomoa waya wa umeme: kazi iliyokuwa wazi bila kuhifadhiwa hupotea, iliyokwisha kuandikwa kwenye diski hubaki. Tofautisha na unregistervm inayofuatiwa na --delete, ambayo hufuta hata diski yenyewe. Ukimwona fundi anaiandika, muulize nakala iko wapi.

Liko jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulieleza vibaya. VirtualBox huweza kuchukua picha ya hali ya mashine ili uirudie baadaye, na wengi huitegemea picha hiyo kama nakala ya akiba. Sivyo. Picha ikishachukuliwa, kila kinachoandikwa baada ya hapo huenda kwenye mafaili mapya ndani ya folda ya Snapshots, yenye majina marefu yasiyosomeka, nayo hayafanyi kazi bila diski ya asili. Mtu anayeyafuta ili kupata nafasi huwa anafuta mauzo yake ya karibuni kabisa.

Nakala halisi hupatikana mashine ikiwa imezimwa, kwa amri hii, ikiwa D ni diski ya nje:

VBoxManage export "Duka" -o "D:\duka.ova"

Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4, hivyo iandae kwanza kwa exFAT. Kuiandaa huko hufuta vilivyomo. Ijaribu nakala kwa kuifungua katika kompyuta nyingine kwa VBoxManage import.

Ukilazimika kumkabidhi fundi faili la diski, fahamu kwamba nywila ya Windows iliyomo ndani hailindi chochote: diski isiyosimbwa huweza kuunganishwa na mashine nyingine na kusomwa yote, pamoja na madeni na namba za simu za wateja wako. Mkubaliane kwa maandishi kwamba nakala aliyobaki nayo itafutwa siku utakapoipokea kazi.