SOMO: NGAZI HUJARIBIWA KABLA YA KUJENGWA



Mwenzetu akianguka ngazini akiwa na mzigo, taarifa ya ajali huandikwa upesi: hakuwa mwangalifu. Basi, jambo limekwisha. Aliyeumia hupewa lawama juu ya maumivu yake, na ngazi hubaki pale pale ikimngoja mwingine. Ni mara chache mtu huchukua futi kamba akaipima ngazi yenyewe.

Ngazi ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe au mashine. Chombo kibaya humuumiza hata mtumiaji hodari. Katika somo hili tutaona jinsi ngazi mpya inavyobuniwa kwa kutumia modeli, yaani mfano wa kitu unaotengenezwa kabla ya kitu chenyewe. Modeli nyingine hushikwa kwa mkono. Nyingine huwa ndani ya kompyuta. Tutaona pia kwa nini modeli zote hizo hazikamiliki mpaka apatikane mtu wa kupanda na kushuka.

1. Kipimo cha ngazi ni hatua ya mtu

Kila kidato cha ngazi kina vipimo viwili vikubwa. Cha kwanza ni kimo, yaani urefu wa kwenda juu kutoka kidato kimoja hadi kingine. Cha pili ni nafasi ya kukanyaga, yaani pale unapoweka mguu.

Katika karne ya 17, Mfaransa François Blondel, aliyekuwa mwalimu wa usanifu wa majengo, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo. Alisema: chukua kimo mara mbili, ongeza nafasi ya kukanyaga, jumla iwe sawa na hatua moja ya mtu anayetembea. Kwa inchi za Kifaransa za wakati ule jumla hiyo ilikuwa 24, yaani karibu sentimita 65.

Mwaka 1933, wataalamu wawili wa Ujerumani, Lehmann na Engelmann, waliifanyia ngazi jaribio la namna nyingine. Walipima nguvu ambayo mwili hutumia kupanda ngazi za vipimo mbalimbali. Iliyouchosha mwili kidogo kuliko zote ilikuwa ya kimo cha sentimita 17 na nafasi ya kukanyaga ya sentimita 29. Ukifanya hesabu ya Blondel, 17 mara 2 ni 34, ongeza 29, unapata 63. Kanuni ya zamani na jaribio jipya vilikaribiana.

2. Hesabu peke yake yaweza kudanganya

Tuchukue mfano wa kiwanda cha chai ambacho majani hunyaushwa ghorofani. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni sentimita 306. Michoro miwili inaletwa mezani.

Ngazi ya kwanza ina vimo 18 vya sentimita 17. Nafasi za kukanyaga ni 17, kwa sababu hatua ya mwisho hutua kwenye sakafu ya juu. Kila nafasi ni sentimita 29, kwa hiyo ngazi inachukua sentimita 493 za sakafu.

Ngazi ya pili ina vimo 14, kila kimoja karibu sentimita 22. Nafasi za kukanyaga ni 13 za sentimita 20. Inachukua sentimita 260 tu. Utawala utaipenda, maana inaokoa zaidi ya mita 2 za sakafu na inatumia vifaa vichache.

Sasa tuijaribu kwa kanuni ya Blondel: 22 mara 2 ni 44, ongeza 20, unapata 64. Kanuni imeikubali! Lakini buti la kazi lina urefu wa karibu sentimita 30. Likiwekwa kwenye nafasi ya sentimita 20, theluthi nzima ya buti inaning'inia hewani. Anayeshuka na gunia begani hawezi kuona miguu yake, na itambidi aweke mguu upande. Kumbuka pia kwamba kuanguka wakati wa kushuka ndiko kunakoumiza zaidi.

Hapa karatasi imesema ndiyo na mguu umesema hapana. Kwa sababu hiyo tunahitaji modeli.

3. Modeli tatu, na kila moja ina swali lake

Modeli ndogo ya kushika mkononi. Hutengenezwa kwa kadibodi, kisu na gundi. Tukiipunguza mara 10, kimo cha sentimita 17 kinakuwa sentimita 1.7. Ni rahisi, na mtu asiyejua kusoma ramani huielewa mara moja. Inaonyesha ngazi inapinda wapi, kama imeziba mlango, na mahali ambapo wanaopanda watakutana na wanaoshuka.

Lakini modeli ndogo haiwezi kutuambia kama ngazi itabeba uzito. Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638. Kitu kikikuzwa mara 10 kila upande, uzito wake unaongezeka mara 1,000, yaani 10 mara 10 mara 10. Lakini unene wa kipande kinachobeba uzito huo, ukikatwa na kutazamwa, unaongezeka mara 100 tu. Kwa hiyo kila sehemu ya ngazi ya kweli hulemewa na uzito wake yenyewe mara 10 kuliko modeli. Ndiyo maana mguu wa tembo si mguu wa swala uliorefushwa tu. Ni mnene kama nguzo. Basi mtu akiweka kadibodi mezani na kusema "mnaona, inasimama," bado hajathibitisha kitu.

Modeli ya kompyuta. Hii hutengenezwa kwa tarakimu. Ukibadilisha kimo cha kidato kimoja, programu inaweza kupanga upya vyote 18. Humsaidia mhandisi kuhesabu uzito wa watu na mizigo, na kuona ni sehemu gani italemewa kabla ya senti moja kutumika kwa saruji. Vipimo vyake vyaweza hata kupelekwa moja kwa moja kwenye mashine ya kukatia mbao au chuma.

Hata hivyo kompyuta hujibu swali ililoulizwa tu. Tuseme mchoro umeacha sentimita 200 kati ya kidato na boriti iliyo juu. Kwa mtu wa sentimita 165 ni nafasi ya kutosha. Lakini mama anayebeba kapu la sentimita 45 kichwani anafika sentimita 210. Kapu litagonga boriti naye yumo katikati ya ngazi. Kompyuta haikukosea hesabu. Hakuna aliyeiambia habari za kapu. Na anayezijua habari za kapu ni yule anayelibeba.

Modeli ya ukubwa kamili. Hii ni sehemu ya ngazi iliyojengwa kwa vipimo vya kweli, kwa mbao za muda. Vidato 5 vinatosha. Haitaonyesha ngazi nzima, lakini ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayoweza kuuliza mguu, goti na bega.

4. Mafunzo mawili ya London

Huko London, Uingereza, kuna mahali pamoja palipotoa mafunzo mawili. Juni 10, 2000, daraja jipya la waenda kwa miguu lilifunguliwa juu ya mto Thames, Millennium Bridge. Watu walipolijaza lilianza kuyumba upande kwa upande. Kila lilipoyumba, watu walipanua miguu wasianguke, na hatua zao zikalisukuma zaidi. Lilifungwa siku mbili tu baada ya kufunguliwa.

Hesabu zilikuwa zimefanywa, lakini namna hiyo ya watu kulisukuma daraja upande haikuwa imewekwa ndani yake. Ili kuijua, wahandisi walitembeza watu juu ya daraja lenyewe, wakiongeza idadi kidogo kidogo, na kupima. Kisha walifunga vifaa vya kuzima mtikisiko, vingine vikifanya kazi kama shokomzoba za gari. Daraja lilifunguliwa tena Februari 2002.

Miaka 11 baadaye, Septemba 2013, karibu na mwisho wa kusini wa daraja hilo hilo, mbele ya jumba la sanaa la Tate Modern, ilisimamishwa ngazi ya majaribio iliyoitwa Endless Stair, maana yake ngazi isiyokoma. Ilibuniwa na wasanifu wa dRMM, na wahandisi wake walikuwa Arup, kampuni ile ile iliyolifanyia kazi daraja. Ilikuwa na ngazi 15 zilizoungana na vidato 187, na ilijengwa kwa mbao za mti wa Marekani uitwao tulipwood, zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka kwa kupishana. Mbao za mti huo hazikuwa zimezoeleka kubebeshwa kazi ya namna hiyo. Kwa hiyo ngazi yenyewe ilikuwa modeli ya ukubwa kamili: umma uliipanda na kushuka kwa wiki kadhaa, kisha ikafunguliwa na kuondolewa. Mwaka 2017 wasanifu hao hao walitumia mbao za aina hiyo kujenga nyumba ya kudumu ya kuwahudumia wagonjwa wa saratani huko Oldham, Uingereza.

Fundisho la kwanza lilikuja kwa aibu baada ya ufunguzi. La pili lilitafutwa makusudi kabla ya kujenga kitu cha kudumu. Ni bora kujifunza kwa njia ya pili.

5. Kazi ya tawi

Ngazi mpya inapopangwa mahali pa kazi, wajumbe wa tawi waombe mambo matatu: waonyeshwe modeli mapema, vidato 5 vya ukubwa kamili vijengwe, na wajaribu wawe wale watakaoitumia. Ajaribu mrefu na mfupi, mwanamume na mwanamke, kijana na mzee. Waanze bila mzigo, mwenzao akiwa karibu, kisha wabebe mzigo wa kawaida wa kazi. Washuke pia, wasipande tu.

Kwa ngazi zilizopo, chukua futi kamba, karatasi na kalamu. Pima kila kidato, si kimoja tu. Mguu hujifunza kimo katika hatua mbili tatu za kwanza, halafu huendelea bila kuangalia. Kidato kimoja kikizidi, mguu unakikosa. Mwaka 2012 katika kituo cha treni cha 36th Street huko Brooklyn, New York, mtu mmoja alipiga picha za sinema za abiria wakijikwaa mmoja baada ya mwingine kwenye kidato kile kile. Kilikuwa kimezidi vingine kwa karibu nusu inchi tu. Wote wale hawakuwa wazembe. Picha zilipoonekana kwa watu, ngazi ilirekebishwa.

Angalia zaidi kidato cha kwanza na cha mwisho. Mara nyingi sakafu hupigwa saruji au vigae baada ya ngazi kumalizika, na vidato hivyo viwili hubadilika kimo bila fundi kukusudia.

Andika vipimo vyote na tarehe, vipelekwe kwenye kikao cha usalama. Siku mwenzenu akianguka, neno "hakuwa mwangalifu" litakutana na tarakimu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ngazi ina kimo cha sentimita 19 na nafasi ya kukanyaga ya sentimita 25. Kanuni ya Blondel inatoa jumla gani? Je, jumla hiyo yatosha kuikubali ngazi?
2. Modeli ya kadibodi imebeba mawe bila kuvunjika. Kwa nini hilo si ushahidi wa nguvu ya ngazi ya kweli?
3. Taja mambo matatu ya kazi yako ambayo mchoraji wa ngazi hawezi kuyajua asipokuuliza.
4. Ni ngazi gani mahali penu pa kazi itapimwa kwanza, na nani atashika futi kamba?