Tekken: Bana Batani Kama Mpare

Banda la gemu lina sheria moja, liwe Same mjini au Hedaru: anayepigwa anatoka. Pedi inaenda kwa anayesubiri na hela yako imeishia hapo. Sasa kwa nini uingie na kubonyeza hovyo? Wapare tunataniwa kwa kubana matumizi. Ugeuze utani huo kuwa silaha: bana na batani.

Kagua vifaa kabla hujalipa. Kwenye menyu, bonyeza mishale yote minne, mmoja mmoja. Ukikuta uliozama, au unaoruka mara mbili, omba pedi nyingine. Angalia na TV. Ile ya chogo haina shida, picha inakuja papo hapo. Flati nyingi huchelewesha kidogo, kwa hiyo mwombe mwenye banda aweke Game Mode.

Achia katikati. Dashi ni kuchomoka haraka badala ya kutembea. Ya mbele ni mbele, achia, mbele. Ya nyuma ni nyuma, achia, nyuma. Wengi hukwama hapo kwenye kuachia: kidole hakijainuka vizuri, gemu inasoma mbonyezo mmoja mrefu, na mchezaji wako anatembea tu. Sema kwa sauti "mbele, acha, mbele" mpaka kidole kishike mdundo. Na "mbele" ni kule aliko mpinzani. Mkipishana, mishale nayo inageuka.

Usishindane na ngumi kwa macho. Tekken inaenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Ngumi za haraka kabisa hutoka kwa fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Macho na kidole chako vinahitaji kama robo sekunde kuitikia. Hutawahi. Kinachokuokoa ni umbali na kinga, na vyote viwili vinatokana na dashi.

Ingia, kisha jikinge. Mbele, achia, mbele, halafu vuta nyuma ushikilie. Mwenye pupa akikuona unakuja atarusha tu. Wewe umeshajikinga. Akishamaliza, mjibu kwa ngumi moja ya batani ya mraba, usiongeze ya pili kwa tamaa.

Mfanye apige hewa. Simama pale ambapo teke lake linakufikia kwa shida. Akianza kuchangamka, piga dashi moja ya nyuma. Teke likipita, mpige kabla mguu haujarudi chini. Kosa la kawaida ni kubofya mapema: unarudi nyuma na kurusha kwa pamoja, mnakosa wote wawili. Subiri uone amekosa.

Kata dashi. Dashi ya nyuma ikiisha yenyewe inakuchelewesha, kwa hiyo ikatishe. Njia rahisi: nyuma, achia, nyuma, kisha gusa juu na uachie hapo hapo. Mchezaji atakwepa pembeni na utakuwa huru kuanza dashi nyingine. Wakongwe hutumia Korean backdash: nyuma, achia, nyuma, kona ya chini-nyuma, halafu nyuma, achia, nyuma, kona tena. Anza polepole kabisa. Kona iguse tu. Ukiing'ang'ania unabaki umechuchumaa.

Umemchagua Kazuya au Heihachi kuwa mchezaji wako? Jifunze ngumi ya umeme: mbele, achia, chini, kisha chini-mbele pamoja na batani ya pembetatu. Pamoja maana yake fremu moja. Ukichelewesha pembetatu, ngumi inatoka bila cheche za umeme, na mpinzani akiizuia anaweza kukuadhibu. Ya umeme akiizuia, bado zamu ni yako.

Fanya mazoezi pande zote mbili. Bandani huchagui pedi, unapewa iliyo wazi, na pedi ndiyo inayokupa upande. Banda likiwa tupu asubuhi, lipia muda uingie Practice. Tekken 7 na 8 zinakuonyesha kwenye skrini kila mshale ulioingia, kwa hiyo utaona kama kweli uliachia. Na mlioko Chome na Vudee, Julai vidole vinaganda: sugua mikono kabla ya kushika pedi.

Usidharau banda. Arslan Ash wa Lahore, Pakistani, alinolewa kwenye vibanda vya gemu vya mtaani, na mwaka 2019 akatwaa mashindano ya EVO Japan na EVO ya Las Vegas. Hapa jirani, Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya XiT Gaming mwaka 2018 kwa Tekken hii hii.

Ukienda leo, jiwekee sharti: mechi nzima ni dashi, kinga na ngumi ya mraba tu. Ukipigwa, toka bila ubishi, simama nyuma ya anayeshinda na uangalie anaachia mshale wakati gani. Kisha rudi kwenye foleni.