Kimya si Kuwakimbia Watu

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Nasi Wakristu yafaa tujiulize: kimya kina nafasi gani katika sala zetu? Twaingia kanisani tukisema, twasali tukisema, twatoka tukisema. Mungu atapata saa gani ya kutujibu?

Wengine hujitetea wakisema, “Upweke ni kazi ya watawa. Sisi tuna watoto, tuna mashamba, tuna kazi za mshahara.” Neno hilo laonekana la haki, lakini Bwana Wetu alilijibu kwa matendo yake. Mtakatifu Marko aeleza kwamba huko Kafarnaumu Yesu aliponya wagonjwa wengi jioni. Kesho yake, alfajiri kungali giza, akaenda mahali pasipo watu, akasali. Simoni na wenzake walipomfuata na kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta, hakubaki mafichoni, bali alikwenda kuhubiri katika miji ya jirani. Kimya kilitangulia kazi; hakikuiondoa.

Mfano mwingine ni Charles de Foucauld, padre Mfaransa aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2022. Mwaka 1901 alikwenda kukaa Beni Abbès, katika jangwa la Sahara nchini Algeria. Alitafuta upweke, lakini kutwa mlango wake uligongwa na maskini, wagonjwa, watumwa na askari. Hakuwafukuza. Makao yake aliyaita nyumba ya undugu, na saa za usiku alisali mbele ya Ekaristi Takatifu. Mwaka 1902 alitoa fedha kumkomboa mtumwa. Aliyejifunza kumsikiliza Mungu usiku aliweza kumsikiliza maskini mchana.

Basi, hicho ndicho kipimo. Mtu akinyamaza kanisani, kisha nyumbani akamnunia mkewe siku tatu, huyo hajashika kimya cha Kikristu. Amefunga mlango wa moyo tu. Kimya cha kweli hutuliza ulimi mkali na kufungua masikio.

Tuanze kwa kidogo. Tuamke robo saa kabla ya wenzetu, simu tuizime, tusome aya chache za Injili, kisha tunyamaze. Mawazo yatatujia: karo ya watoto, deni, ugomvi wa jana. Tusikate tamaa, bali tuyaweke mbele ya Mungu. Pengine ugomvi ule ndio neno analotaka tulisikie. Tukiisha kuinuka, twende tukapatane.