SOMO LA WIKI: Kosekanti katika makadirio ya mbao za paa

Mfanyabiashara wa mbao hupata faida au hasara siku anapotoa makadirio kwa mteja. Ukishaandika bei na mteja akakubali, upungufu wa mbao ni wako. Wiki hii tunajifunza hesabu moja ndogo ya kompyuta inayohusu jambo hilo.

Fundi hukuletea vipimo viwili: kimo cha paa kutoka usawa wa ukuta hadi kileleni, na pembe ya mteremko. Unachotafuta ni urefu wa mbao ya mshazari, yaani ile inayopanda kutoka ukutani hadi kileleni. Kanuni yake ni kimo mara kosekanti ya pembe. Kosekanti ni 1 gawanya kwa saini.

Katika lahajedwali la Excel, andika kimo kwenye kisanduku A2 na pembe kwenye B2. Kisha katika C2 andika:

=A2*CSC(RADIANS(B2))

CSC ilianza katika toleo la Excel la 2013. Mwenye toleo la zamani zaidi aandike:

=A2/SIN(RADIANS(B2))

Jibu ni lile lile.

Usiache neno RADIANS. Fundi hupima kwa digrii, lakini kompyuta husoma pembe kwa radiani. Tazama tofauti kwa kimo cha mita 1.5 na pembe ya digrii 20:

Kwa usahihi: kosekanti 2.924, mbao mita 4.39.
Bila RADIANS: kosekanti 1.095, mbao mita 1.64.

Kompyuta haitatoa onyo lolote. Tuseme paa linahitaji mbao 20 za namna hiyo, na bei ni shilingi 2,000 kwa mita. Makadirio sahihi ni kama shilingi 175,400; yale ya makosa ni kama 65,700. Pengo la shilingi 109,700 litatoka mfukoni mwako.

Njia rahisi ya kujihakiki ni kuweka kimo 1 na pembe 30 kabla ya kuanza kazi. Jibu lazima liwe 2 kamili. Ukiona -1.012, umesahau RADIANS. Ukiona #DIV/0!, huenda kisanduku cha pembe kiko wazi au kina sifuri.

Kumbuka pia kwamba mteremko ukipungua, kosekanti huongezeka. Kwa kimo kile kile, paa lililolala hula mbao ndefu zaidi. Aidha, kanuni hii inaishia ukutani. Urefu wa upenu unaotokeza nje, pamoja na mbao zitakazopotea katika kukata, uongeze mwenyewe.

Zoezi: kimo ni mita 1.2, pembe ni digrii 25. Mbao moja ina urefu gani?

Jibu: mita 2.84.