Tujifunze Kutamka Kifaransa: Silabi na Mkazo



Wengi wetu tunahudumia wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, kule Kakuma na hata mitaani Nairobi. Baadhi yao huchanganya Kiswahili na Kifaransa, hasa wanapoeleza ugonjwa. Tusipoelewana, mgonjwa anaweza kupewa dawa isiyo yake. Haya basi, tuanze.

Kugawa silabi tunapoandika

1. Konsonanti moja kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata: ma-la-de (mgonjwa), mé-di-ca-ment (dawa).

2. Konsonanti mbili hutengana: doc-teur (daktari), mer-ci (asante).

3. Lakini herufi kama b, p, t au v ikifuatwa na r, hazitengani: fiè-vre (homa). Bl na pl pia hubaki pamoja: ta-blet-te.

4. Ch, ph na gn ni sauti moja, hazikatwi: cra-cher (kutema mate), sai-gner (kutokwa na damu).

Jihadhari na e ya mwisho isiyo na alama juu. Kwa kawaida haitamkwi. Malade ina silabi tatu kwenye karatasi, lakini mdomoni ni mbili tu: ma-lad.

Mkazo

Sisi Waswahili tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho: dak-TA-ri. Ndiyo maana tunasema MA-lad, na mgeni anatukodolea macho. Mfaransa hukaza silabi ya mwisho inayotamkwa: ma-LAD, doc-TEUR, mé-di-ca-MENT. Usiipigie kelele, ivute kidogo tu.

Maneno yakifuatana, mkazo huenda mwisho wa fungu zima. Mama akisema «Mon enfant est malade» (mtoto wangu ni mgonjwa), sikiliza LAD. Tena n ya mon inarukia enfant, kwa hivyo usitafute nafasi kati ya maneno hayo, hutaisikia.

Kwetu mkazo unaweza kugeuza maana: bara-BA-ra ni njia, ba-RA-bara ni sawasawa. Katika Kifaransa haugeuzi maana ya neno, ila unaonyesha fungu limeishia wapi.

Zoezi

Gawanya, kisha tamka kwa sauti: hôpital (hospitali), ventre (tumbo), vomir (kutapika).

Majibu: hô-pi-TAL (h haitamkwi), ven-tre (mdomoni ni silabi moja), vo-MIR.

Mfanye zoezi hili wawili wawili. Na mgeni akikusahihisha, mshukuru: mer-CI!