SOMO: KUBADILI KAZI NA KUWA MWANDISHI WA UFUNDI



Wengi wetu tunafikiri kama mutu akishasomea uganga ao umekanika, kalamu si kazi yake tena. Sivyo. Kuko kazi inayounganisha yote mbili: kuandika maelekezo ya ufundi, ni kusema kuonyesha kwa maandiko namna ya kutumia mashini, dawa ao chombo.

1. Faida yake. Tukumbuke Ebola iliyotangazwa hapa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Ilipomalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa. Hapa Butembo na kule Beni tulinawa maji ya klore. Ya mikono ni 0,05 kwa mia. Ya kusafisha vyombo ni 0,5 kwa mia. Zero moja ikipotea, dawa inakuwa kali mara kumi. Na karatasi ikiandikwa kwa Kifaransa kigumu, mama anayejua Kinande na Kiswahili tu atasoma nini?

2. Namna ya kuingia. Munganga anayejua dawa ameshapata nusu ya kazi. Nusu ingine ajifunze: kitu kimoja kiitwe jina moja, hatua zipangwe kwa hesabu, onyo liwekwe mbele ya hatua, si nyuma. Lugha nazo ni mali. Ndiyo maana Universite ya UCBC, iliyofunguliwa Beni mwaka 2007, inafundisha kwa Kifaransa na kwa Kiingereza.

3. Juu ya cheti. Cheti ni kizuri, kinamusaidia mugeni wa kazi aaminiwe. Lakini tusikiabudu. STC, chama cha Marekani kilichokuwa kinatoa cheti cha kazi hii, kilifungwa mwaka 2025. Chama kilikufa, aliyejifunza kweli akabaki na akili yake. Mutihani wa kweli ni huu: mutu asiyejua kazi asome, afanye, afaulu bila kuuliza. Soma Habakuki 2:2: hata nabii aliagizwa kuandika waziwazi.

Zoezi. Andika hatua saba za kuwasha babula ya makala. Umupe mudogo wako wa kalasi ya kwanza, kisha unyamaze, umuangalie. Pahali anaposimama na kukutazama, kosa si lake. Ni lako: rudi, uandike tena.